Armand Bombardier, Fundi Aliyeishinda Theluji

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya wafalme, wapiganaji na malenga. Mimi nimeonelea niwaletee fundi wa gereji. Jina lake ni Joseph-Armand Bombardier, mzaliwa wa Valcourt, kijiji kilichoko katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1907, kifungua mimba katika aila ya watoto wanane.

Kabla hatujafika mbali, hebu tuelewane kuhusu theluji. Wengi wetu tumeiona kwa mbali tu, kileleni mwa Mlima Kenya, asubuhi ambayo mawingu yametuonea huruma. Kule Quebec theluji si pambo la mlima. Huanguka miezi na miezi, ikafunika nyua, mashamba na barabara. Zama hizo vijijini hapakuwa na mtu wa kuifagia. Mwenye gari aliliweka bandani mpaka baridi iishe, akarudia farasi na sleji, yaani kile kigari kisicho na magurudumu ambacho huteleza. Kijiji kizima kilikuwa kama kisiwa.

Armand alikuwa mtundu tangu utotoni, lakini utundu wa maana. Alichukua vipande vya saa mbovu akaunda vigari vya kuchezea vilivyokwenda vyenyewe. Wazazi wake walitamani awe padri, wakampeleka seminari mjini Sherbrooke. Kijana alikwenda, ila moyo ulibaki kwenye mashine. Babake, Mzee Alfred, alipoona mwanawe anafungua kila injini anayoikuta, akampa gari kuukuu aina ya Ford ajifunzie. Nadhani mzee alidhani amenunua amani. Wapi! Tarehe 31 Desemba 1922, Armand akiwa na miaka 15 tu, milango ya banda ilifunguliwa na kitu cha ajabu kikatoka kikinguruma. Kilikuwa ni sleji iliyofungwa ile injini ya Ford, na nyuma yake rafadha ya mbao, yaani panga kubwa kama lile la ndege, likizunguka wazi wazi bila kifuniko. Ndugu yake Léopold alikuwa naye chomboni. Wakapita kijijini watu wakitazama vinywa wazi. Babake hakupiga makofi hata kidogo. Aliamuru kitu hicho kivunjwe mara moja, kwani panga lile lingeweza kumkata mtu. Mimi sioni kosa la mzee hapo.

Seminari aliiacha akiwa na miaka 17. Akawa mwanagenzi katika gereji, kisha akaenda Montreal, ambako mchana alifanya kazi na jioni akasoma masomo ya umakanika na umeme. Mwaka wa 1926 alirudi Valcourt na kufungua gereji yake mwenyewe. Hebu fikiri, miaka 19 na una gereji! Mwaka wa 1929 alimwoa Yvonne Labrecque. Wakati wa joto wateja walijaa, baridi ikiingia magari yakatoweka, na hapo ndipo fundi alipopata nafasi ya kuhangaika na ndoto yake. Alijaribu hivi na vile. Gari likiwa zito lilizama thelujini. Likiwa jepesi lilikosa nguvu.

Sasa nafika mahali pagumu. Katika baridi ya mwaka wa 1934 mtoto wao Yvon, aliyekuwa na miaka miwili, aliugua ghafla. Ulikuwa ugonjwa wa kidole tumbo, uliohitaji upasuaji upesi. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, mwendo wa takriban kilomita 50. Barabara zilikuwa zimezibwa na theluji. Na gari la theluji alilokuwa akiliunda lilikuwa gerejini, vipande vipande, halijaweza kwenda popote. Maskini fundi, aliyetengeneza magari ya kijiji kizima, hakuwa na chombo cha kumfikisha mwanawe kwa daktari. Mtoto akafa.

Mwengine angekata tamaa. Yeye alirudi kazini, na mwaka uliofuata akapata jibu. Siri yake ilikuwa gurudumu la meno lililofunikwa mpira, mfano wa lile linalozungusha mnyororo wa baiskeli, lakini kubwa. Meno yake yalivuta mkanda mrefu wa mpira ulioshikwa na vyuma vya kukingama. Mkanda ule ukatandaza uzito wa gari juu ya theluji, hivyo likawa halizami. Mbele, mahali pa magurudumu, akaweka mbao za kuteleza zilizofuata usukani. Tarehe 29 Juni 1937 alipewa hataza, yaani haki ya kuumiliki uvumbuzi huo. Gari la kwanza kuuzwa liliitwa B7, kwa sababu lilibeba watu saba. Na wanunuzi walikuwa akina nani? Madaktari, matabibu wa mifugo, mapadri na wenye hoteli. Nafurahi kwamba madaktari walikuwemo.

Ndugu zake wakajiunga naye, kiwanda kikajengwa pale pale Valcourt, na mwaka wa 1942 kampuni ikaandikishwa kwa jina L'Auto-Neige Bombardier. Likaja gari la B12, la watu kumi na wawili, likabeba barua na wagonjwa. Jingine, C18, lilibeba watoto 25 kwenda shule. (Sisi wa shule za kutwa tunaofika tumelowa mvua tunaelewa thamani yake.) Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliunda magari ya jeshi.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka wa 1948 serikali ya Quebec iliamua kwamba hata barabara za mashambani zifagiliwe theluji. Ilikuwa habari njema kwa kila mtu isipokuwa Bombardier. Mauzo yakaporomoka. Ati mtu aache kununua chombo kwa sababu barabara imekuwa nzuri! Lakini fundi hakukaa kulia. Aliunda mitambo ya misituni na ya ardhi ya matope, na mwaka wa 1953 akatoa trekta la Muskeg, lililopita kwenye vinamasi ambako trekta la kawaida lingezama.

Ndoto ya utotoni, chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, ilikuwa bado. Ilingoja injini nyepesi. Mwanawe Germain alisaidia kwa kubuni mkanda wa mpira usio na kiungo, na mwaka wa 1959 ikatoka Ski-Doo, pikipiki ya theluji. Mmishonari mmoja wa kaskazini mwa Ontario ndiye aliyeijaribu kwanza, kwa vile hapo awali alizuru waumini wake kwa sleji ya mbwa. Mwaka wa kwanza ziliuzwa 225 tu. Muda si muda zikawa maelfu, na kule kaskazini mbwa wengi wa kuvuta sleji wakapoteza kazi. Wapo waliosikitika, maana mbwa haishiwi petroli katikati ya nyika.

Bombardier hakuishi kuona yote. Alifariki kwa saratani tarehe 18 Februari 1964, akiwa na miaka 56, na hataza zaidi ya 40 kwa jina lake. Mkwewe, Laurent Beaudoin, alishika usukani mwaka wa 1966. Mwaka wa 1974 kampuni ilipata kazi ya kuunda mabehewa 423 ya reli ya chini ya ardhi ya Montreal, na mwaka wa 1986 ikainunua Canadair na kuingia katika ndege. Zile ndege za rafadha aina ya Q400 ambazo Jambojet imerusha kutoka Nairobi hadi Mombasa ni za ukoo huo. Baadaye iliuza kimoja baada ya kingine: Ski-Doo mwaka wa 2003, treni mwaka wa 2021. Imebaki na ndege za matajiri.

Gereji yake ya kwanza imehifadhiwa ndani ya jumba la makumbusho pale Valcourt. Nayo magari ya B12, yenye madirisha ya mviringo kama ya meli, hayajaisha yote. Katika jimbo la Manitoba wavuvi huyaendesha juu ya Ziwa Winnipeg likiwa limeganda, wakatoboa barafu, wakatega nyavu, na jioni wakarudi na samaki.