KARL JANSKY NA KELELE ZA ANGANI

Karl Jansky alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa Norman, Marekani. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Tangu ujana wake alisumbuliwa na ugonjwa wa figo, lakini hakuacha kazi.

Mwaka 1928 aliajiriwa na maabara ya kampuni ya simu ya Bell. Wakati huo watu wa Marekani waliweza kuzungumza na watu wa Ulaya kwa simu za redio, ila mara nyingi mazungumzo yaliharibiwa na kelele. Jansky alipewa kazi ya kutafuta asili ya kelele hizo. Alijenga antena yenye urefu wa mita 30 hivi, akaiweka juu ya magurudumu manne ya motokaa ili izunguke na kupokea mawimbi kutoka pande zote.

Aligundua kelele za aina tatu. Aina ya kwanza ilitokana na radi za karibu. Aina ya pili ilitokana na radi za mbali. Aina ya tatu ilikuwa mvumo hafifu usiokoma. Hapo kwanza Jansky alidhani kwamba mvumo huo unatoka kwenye Jua. Hata hivyo hakuridhika na kudhani tu. Aliendelea kuandika vipimo vyake kwa muda mrefu, naye akaona kwamba kila siku mvumo ulifika kilele chake dakika 4 mapema kuliko jana yake. Jua halifanyi hivyo. Nyota ndizo zifanyazo hivyo. Mwaka 1933 alitangaza kwamba mvumo ule unatoka katika Njia Nyeupe, yaani kundi kubwa la nyota ambalo Jua letu limo ndani yake.

Baadaye Jansky alipewa kazi nyingine. Alifariki mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 44. Leo kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio yatokayo angani huitwa kwa jina lake.

Mwaka 1942 ilifahamika nchini Uingereza kwamba Jua nalo hutoa mawimbi ya redio. Jambo hili linakuhusu wewe pia. Tazama madishi ya televisheni juu ya nyumba za Tegeta au Mbagala, Dar es Salaam. Kila dishi huelekezwa kwenye setilaiti iliyo juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Katika miezi ya Machi na Septemba Jua nalo huvuka Ikweta. Karibu na tarehe 23 Machi na tarehe 20 Septemba, Jua hupita nyuma ya setilaiti, likitazamwa kutoka Dar es Salaam. Kelele za Jua huingia dishini na kuyafunika mawimbi hafifu ya setilaiti. Picha hukwama au hupotea kwa dakika chache, kisha hurudi. Dishi si bovu, wala fundi hahitajiki.

Jambo la kufanya

Picha ikipotea, fanya kama Jansky. Andika tarehe, saa na hali ya hewa kwa muda wa juma moja. Usilitazame Jua, wala usipande juu ya paa. Ikiwa picha inapotea karibu saa ile ile kila siku, mbingu zikiwa wazi, sababu yake ni nini? Ikiwa inapotea wakati wa mvua kubwa tu, je, utalilaumu Jua?