Carmen Santos, nyota wa Brazili aliyejulikana kabla filamu zake hazijaonekana

Katika miaka ya 1920, wasomaji wa magazeti ya sinema mjini Rio de Janeiro waliifahamu vizuri sura ya Carmen Santos. Picha zake zilichapwa mara kwa mara, na waandishi walimtaja kama nyota wa sinema ya Brazili. Lakini kama mtu angewauliza wasomaji hao ni filamu gani waliyomuona ndani yake, wengi wangekosa jibu. Kuanzia mwaka 1919, muigizaji huyu alikuwa amefanya kazi katika filamu tatu, na hakuna hata moja iliyoingia katika majumba ya sinema ili watu walipe na kuiangalia.

Namna alivyotoka katika hali hiyo ndiyo iliyomfanya kuwa mmoja wa wanawake wenye nguvu zaidi katika historia ya sinema ya Amerika ya Kusini.

Mtoto wa wahamiaji

Carmen Santos hakuzaliwa Brazili. Alizaliwa tarehe 8 mwezi wa sita mwaka 1904 huko Vila Flor, kaskazini mwa Ureno, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Maria do Carmo. Wazazi wake walivuka bahari mwaka 1912 kutafuta maisha, kama walivyofanya Wareno wengi wa wakati ule, wakafikia Rio de Janeiro. Jamaa haikuwa na mali. Msichana aliacha masomo mapema, akafanya kazi ya kushona nguo, kisha ya kuuza dukani.

Mwaka 1919, akiwa na miaka 15, alichaguliwa kuigiza katika filamu iliyoitwa Urutau, chini ya uongozi wa Mmarekani William Jansen. Zilikuwa bado siku za sinema isiyo na sauti. Muigizaji alipaswa kusema yote kwa uso na mikono, na maneno machache yaliandikwa kati ya picha moja na nyingine. Filamu ilimalizika, lakini haikutolewa kwa biashara.

Miaka michache baadaye alijaribu tena. Safari hii alikuwa na mwenzake wa maisha, Antônio Seabra, kijana wa jamaa tajiri ya biashara ya vitambaa, ambaye alizaa naye watoto. Kwa msaada wa pesa zake, Carmen alianzisha kampuni yake ya kutengeneza filamu akiwa na miaka 20 hivi tu. Alichagua vitabu viwili vilivyokuwa vimezusha makelele kwa kuongelea wazi tamaa na maisha ya wanawake: A Carne na Mademoiselle Cinema. Kazi ilianza mwaka 1924 na 1925. Filamu zote mbili hazikufika mbele ya watu.

Picha za kutangaza filamu hizo, lakini, zilikuwa zimekwisha kupigwa. Carmen alizipeleka kwa magazeti, nayo yakazichapa. Ndivyo alivyopata umaarufu bila filamu. Magazeti yenyewe yalikuwa na haja yake: majumba ya sinema ya Brazili yalijaa filamu za Marekani, na waandishi walitaka kuonyesha kwamba nchi yao pia inaweza kuwa na nyota.

Hatimaye mbele ya watu

Mlango ulifunguka mwaka 1929. Katika mji mdogo wa Cataguases, jimbo la Minas Gerais, alikuwako kijana mmoja aliyeitwa Humberto Mauro, ambaye leo anahesabiwa kati ya mababa wa sinema ya Brazili. Mauro alikuwa na kipaji lakini pesa zilimpungukia. Carmen alileta pesa, naye akachukua nafasi kubwa katika filamu Sangue Mineiro. Miaka kumi baada ya kusimama mbele ya kamera kwa mara ya kwanza, watu wa kawaida waliweza kumuona akiigiza.

Mwaka 1931 alionekana kwa muda mfupi katika Limite, filamu ya kijana Mário Peixoto. Mwaka huohuo Carmen na Peixoto walikwenda Marambaia, kwenye pwani ya Rio, kutengeneza nyingine, Onde a Terra Acaba. Wakagombana, na kazi ikavunjika katikati. Carmen alikuwa amekwisha kutumia pesa nyingi, lakini hakukubali kuacha. Alitafuta kiongozi mwingine, Octavio Gabus Mendes, na hadithi nyingine, akaweka jina lilelile juu ya filamu mpya iliyotoka mwaka 1933.

Kutoka uigizaji hadi studio

Kufikia wakati huo, filamu zenye sauti zilikuwa zimeingia. Waigizaji wengi wa sinema ya kimya, katika nchi nyingi, walipotea pamoja nayo. Carmen alifuata njia nyingine: alijenga studio. Kampuni yake iliitwa kwanza Brasil Vox Film, baadaye Brasil Vita Filme, na studio zake zilisimama katika kartie ya Tijuca, mjini Rio. Mwanamke aliyefika nchini akiwa mtoto wa wahamiaji sasa alikuwa na kamera zake, taa zake na wafanyakazi wake.

Alimwita tena Humberto Mauro. Mwaka 1935 walitoa Favela dos Meus Amores, ambayo ilipendwa sana. Ndani yake Carmen alikuwa mwalimu wa shule katika favela, yaani zile kartie za maskini zilizopanda kwenye vilima vya Rio. Kamera ilipelekwa hukohuko mlimani, wakati watu wengi wa mji walikuwa wakiona aibu kuonyesha maisha hayo na muziki wa samba katika sinema. Ikafuata Cidade Mulher mwaka 1936, na Argila, iliyotoka mwaka 1942.

Kazi iliyomla nguvu zaidi ilikuwa Inconfidência Mineira. Inaelezea uasi wa mwaka 1789, pale watu wa Minas Gerais walipopanga kujitoa chini ya utawala wa Ureno. Kiongozi wao anayekumbukwa zaidi, Tiradentes, alinyongwa mwaka 1792. Wengine walifukuzwa nchini, akiwemo mshairi Alvarenga Peixoto, aliyepelekwa Angola, jirani yetu, akafia huko. Carmen alichukua nafasi ya mke wa mshairi huyo, Bárbara Heliodora. Zaidi ya kuigiza, alikuwa mwenye kampuni na pia kiongozi wa filamu, wakati ambapo wanawake walioongoza filamu Brazili walihesabika kwa vidole. Maandalizi na upigaji wa picha vilimchukua miaka kumi hivi. Ilipotoka mwaka 1948, haikurudisha pesa zilizotumiwa.

Miaka minne baadaye, tarehe 24 mwezi wa tisa 1952, Carmen Santos alifariki mjini Rio kwa ugonjwa wa kansa. Alikuwa na miaka 48. Studio zake zilipita mikononi mwa watu wengine.

Kilichobaki

Filamu za wakati ule zilichapwa juu ya utepe uliowaka moto kwa urahisi na kuoza ukihifadhiwa vibaya. Urutau haipo tena. Favela dos Meus Amores na Cidade Mulher zimepotea pia, na ya Inconfidência Mineira vimebaki vipande tu.

Sangue Mineiro na Argila zimesalia. Limite nayo ilinusurika kwa sababu watu wachache walitumia miaka mingi kutengeneza upya nakala iliyokuwa imeanza kuharibika. Mwaka 2015, chama cha wachambuzi wa sinema wa Brazili kiliiweka filamu hiyo nafasi ya kwanza kati ya filamu bora zaidi za nchi hiyo za nyakati zote. Anayeiangalia leo anaweza kumuona mama huyo kwa dakika chache, akiwa kijana wa miaka 26 hivi, bila sauti. Sehemu kubwa ya kazi aliyoilipia kwa pesa na nguvu zake haiwezi kuonekana tena. Imebaki picha zilizosimama, kama zile wasomaji wa Rio walizozijua katika miaka ya 1920.