Msiri, Mwana wa Kalasa

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu cha Ushirika, wasomaji wamekwisha kuona habari za pamba, maghala na hesabu. Yafaa pia tumkumbuke mtu wa kale aliyetoka pande hizi zetu, akaenda mbali, akapata sifa kubwa. Mtu huyo ni Msiri.

Msiri alizaliwa yapata mwaka 1830, na jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa Msumbwa, na Wasumbwa ni jirani na ndugu wa Wanyamwezi. Siku zile hapakuwa na reli wala motokaa. Mali yote ilikwenda mabegani mwa wapagazi, na Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya pwani, ya Ujiji na ya Ziwa Victoria. Kalasa hakukaa nyumbani kungoja biashara imfuate. Alifunga safari mpaka Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kutafuta shaba. Njiani palikuwa na njaa, maradhi na mito mikubwa. Walakini alikwenda, akapatana na watemi wa huko, akarudi. Urithi alioupata mwanawe haukuwa ng'ombe tu, bali ujuzi wa njia na jina jema la baba katika nchi ya ugenini.

Yapata mwaka 1856 Msiri naye alishika njia ile, akafanya maskani huko huko. Wenzake waliotoka Usumbwa na Unyamwezi waliitwa Wayeke, maana yake wawindaji wa tembo. Walikuwa wachache, lakini walikuwa na bunduki, nao wakawasaidia wenyeji kupigana na Waluba. Kidogo kidogo mgeni akawa mtawala. Mji wake mkuu, Bunkeya, ukawa soko kubwa la shaba, chumvi na pembe. Misafara yake ilikwenda mashariki hata pwani ya Bahari ya Hindi, na magharibi hata Benguela katika Angola. Mafundi wake wa Kiyeke walisifika kwa kufua nyaya za shaba.

Hata hivyo haifai kuficha upande wa pili. Bidhaa mojawapo ya misafara ile ilikuwa wanadamu, na wengi walitolewa kwao wakiwa watumwa. Tena biashara ya pembe Msiri aliishika mkononi mwake mwenyewe, na adhabu zake zilikuwa kali mno. Basi raia walimwogopa kuliko walivyompenda. Katika mwaka 1891 Wasanga, ambao hapo kwanza walikuwa rafiki zake, walimwasi. Mwaka ule ule ukafika msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Msiri alikataa kuitii bendera yao. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Bodson, naye Bodson akauawa pia.

Mwanawe, Mukanda Bantu, alishika nafasi yake, ijapokuwa chini ya amri ya wageni, na baadaye akasimulia habari za baba yake zikaandikwa. Kwa hiyo mambo mengi ya Msiri twayajua kwa kinywa cha mwana.

Ndugu wanachama, katika maisha haya kuna mambo mawili ya kupima. Kalasa na mwanawe hawakuogopa kazi wala umbali, na hilo latupasa kuliiga. Lakini dola iliyojengwa kwa jasho la wengi, faida yake ikashikwa na mmoja, ilivunjika siku ile alipoanguka yule mmoja. Mkulima aletaye pamba yake mizanini ana haki ya kuona uzito wake, kujua bei yake na kuuliza habari za fedha yake. Kiongozi asiyependa kuulizwa na amkumbuke Msiri: rafiki zake wa kwanza ndio waliomwasi, na adui alipofika, alimkuta peke yake.