James Watt: fundi wa gavana, na siri zilizofungiwa

Simama karibu na mashine ya kusaga ya dizeli hapa Katandala jioni, foleni ikiwa ndefu. Mahindi yakimwagwa kwa wingi injini inalemewa, sauti inashuka kama ya mtu anayepanda mlima na gunia kichwani, halafu inajikaza yenyewe na kurudi kwenye mwendo wake. Mwendesha mashine hakugusa kitu, alikuwa anapokea debe la mteja mwingine. Kazi hiyo imefanywa na kifaa ambacho mafundi wetu wanakiita gavana.

Aliyeiweka gavana kwenye injini ni James Watt. Hata kama hujawahi kumsikia, jina lake unalitaja kila ukinunua taa au paneli ya sola. Wati ni yeye.

Alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 katika mji wa bandari wa Greenock, Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara. Mtoto James aliugua mara kwa mara, kichwa kikimsumbua, na sehemu kubwa ya masomo aliyapata nyumbani. Huenda shuleni ulisimuliwa kwamba aligundua injini ya mvuke akiwa mtoto, kwa kutazama birika likichemka. Hadithi ni tamu, ila injini ya mvuke ya Thomas Newcomen ilikuwa imeshaanza kazi mwaka 1712, Watt hajazaliwa.

Mwaka 1755 alikwenda London kujifunza kutengeneza vifaa vya kupimia. Mafunzo hayo kwa kawaida yalichukua miaka saba, yeye alikaa mwaka mmoja tu akarudi Glasgow, na chuo kikuu cha huko kikampa chumba cha kufanyia kazi. Hapo, majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764, aliletewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze.

Aliona jambo lililomkera. Mvuke uliingia kwenye silinda ya moto, kisha ukapozwa kwa maji baridi humohumo ndani. Silinda ikapoa, ikabidi ipashwe upya. Ni kama kuchemsha maji ya ugali, kuitumbukiza sufuria kwenye maji baridi, kisha kuibandika tena jikoni, na kurudia hivyo kutwa nzima. Kuni zingeisha kijiji kizima. Mwaka 1765, akiwa matembezini Jumapili moja, jibu likamjia: mvuke upozwe kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki ya moto daima. Mwaka 1769 alipata hataza, yaani haki ya kisheria kwamba mtu mwingine asitumie wazo lake bila ruhusa.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mshirika wake wa kwanza alifilisika, na mwaka 1773 mke wake Margaret akafariki kwa uzazi. Mwaka 1774 Watt alihamia Birmingham kwa Matthew Boulton, mwenye kiwanda na mtu wa biashara hasa. Bunge likaongeza muda wa hataza hadi mwaka 1800. Wenye migodi ya Cornwall, waliotumia injini kuvuta maji chini ya ardhi, walitakiwa kulipa theluthi moja ya thamani ya makaa ya mawe waliyookoa. Ili asidanganywe, Watt alifunga kwenye injini kifaa cha kuhesabu mizunguko, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ukiitazama mita ya umeme ukutani, tayari unaelewa wazo hilo.

Gavana yenyewe ilitoka mashineni, kwenye unga. Mwaka 1788 Boulton alitembelea kinu cha Albion kilichokuwa London, akaona kifaa cha kuongoza mawe ya kusagia, cha aina iliyotumiwa na wenye vinu vya upepo. Akamwandikia Watt. Watt akakihamishia kwenye injini: vyuma viwili vya mviringo vinaning'inia kwenye mhimili unaozunguka. Injini ikikimbia, vinatanuka na kubana njia ya mvuke. Ikilemewa, vinashuka na njia inafunguka. Siku hizi vyuma hivyo vimejificha ndani ya injini na vinaongoza dizeli. Watt hakuiombea hataza, kwa kuwa wazo halikuwa jipya. Alijaribu kuifanya siri, lakini kitu kinachozunguka mbele ya macho ya kila mgeni utakificha wapi?

Nisiruke jambo moja. Mwaka 1762, akiwa fundi kijana Glasgow, Watt alishiriki kumsafirisha mtoto mweusi mtumwa aliyeitwa Frederick, apelekwe kwa familia moja ya matajiri kaskazini mwa Uskoti. Baadaye, mwaka 1791, aliandika kuulaani utumwa, lakini injini za kampuni yake ziliuzwa hadi kwenye mashamba ya miwa ya Karibi yaliyolimwa na watumwa. Sifa zake tukizitaja, na Frederick atajwe.

Wakati huohuo yeye na Boulton walikuwa wakiwapeleka mahakamani mafundi wa Cornwall waliojaribu kuboresha injini. Hataza ilipokwisha mwaka 1800 Watt alistaafu, na watu wa kampuni wakaondoka Cornwall. Kila mgodi ukabaki na lake, na injini zikazorota. Mwaka 1811 Joel Lean, msimamizi wa migodi, akaanza kutoa taarifa iliyochapishwa kila mwezi. Ilitaja injini kwa jina, makaa iliyochoma, na maji iliyoyapandisha kwa kimo gani. Haikuwa na habari za wafalme wala vita, ni hesabu za mashine tu, kwa mafundi. Sasa fundi aliyepitwa alijulikana, na aliyefanya vizuri alifuatwa na wenzake kuulizwa. Kufikia miaka ya 1840 wastani wa kazi ya injini hizo kwa kiasi kilekile cha makaa ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa mwanzo. Wanawe Lean waliendeleza taarifa hiyo, nayo ilidumu hadi mwaka 1904. Binafsi naona Lean alistahili walau taa moja yenye jina lake.

Watt alifariki tarehe 25 Agosti 1819, akiwa na miaka 83. Jina lake lilipendekezwa liwe kipimo cha nguvu mwaka 1882. Karakana ya darini kwake, alikochezea mashine za kunakili sanamu uzeeni, iliachwa ilivyo zaidi ya miaka mia moja, na mwaka 1924 vifaa vyake vyote vikahamishiwa makumbusho ya sayansi, London. Sasa yeyote anaweza kwenda kuvitazama.