Cesare Beccaria na Mizani ya Adhabu

Mahali popote wafanyakazi wanapokaa kunywa chai baada ya zamu, mazungumzo hayakosi kufika kwenye mambo matatu: mwizi aliyekamatwa apewe adhabu gani, mtu wa magendo atendwe nini, na anayeshukiwa kuhatarisha usalama wa taifa achukuliwe vipi. Tumeyasikiliza mabishano hayo mara nyingi, na mara nyingine tumeshiriki. Aghalabu mwenye sauti kubwa ni yule atakaye adhabu kali zaidi, na anayeuliza kama mshitakiwa ndiye kweli aliyetenda huambiwa kwamba anawatetea wahalifu. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeyafikiria mambo hayo yote matatu zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, naye ni Cesare Beccaria wa Milano.

Alizaliwa tarehe 15 Machi, 1738, mtoto wa kwanza katika nyumba ya kikabaila. Wakati huo hapakuwa na dola moja iitwayo Italia. Milano na nchi yote ya Lombardia zilikuwa chini ya ukoo wa Habsburg uliotawala kutoka Vienna. Alisomeshwa na mapadri Wajesuiti huko Parma, akapata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Pavia mwaka 1758. Wala asidhani msomaji kwamba alikuwa shujaa wa jukwaani. Alikuwa mtu mkimya, mwenye haya, mzito wa kuanza kazi, na rafiki zake iliwabidi wamsukume ili ashike kalamu.

Alipotaka kumwoa Teresa Blasco, baba yake alikataa, kwa kuwa alimwona binti huyo hana mali wala nasaba ya kutosha. Mzee akapata amri ya kumfungia kijana nyumbani, naye akakaa kizuizini muda wa miezi mitatu hivi, na tena akatakiwa kuziacha haki zake za mzaliwa wa kwanza. Hata hivyo walioana mwaka 1761. Hatusemi kwamba miezi mitatu katika nyumba ya kikabaila, yenye chakula na kitanda, yaweza kumfundisha mtu jela ni nini. Lakini alijifunza mapema kwamba mtu aweza kuzuiliwa pasipo kutenda kosa lolote, maadamu mwenye nguvu ametaka hivyo.

Mambo ya jela yenyewe aliyajua kwa njia nyingine. Ndugu wawili, Pietro na Alessandro Verri, walikuwa wamekusanya kikundi cha vijana waliosoma na kubishana usiku kucha, kikaitwa kwa mzaha Chuo cha Ngumi. Alessandro alikuwa na kazi ya serikali ya kuwatetea wafungwa, akiingia magerezani na kuyasoma majalada yao. Yeye ndiye aliyemletea Beccaria habari za ndani: watu waliosahauliwa mahabusu, na washitakiwa waliofungwa mikono mgongoni na kuvutwa juu kwa kamba mpaka wakiri. Vijana hao walitoa pia gazeti lililoitwa Kahawa, kuanzia 1764 hadi 1766, wakijifanya kwamba kila makala yametoka katika maongezi ya mkahawani. Sisi tuliozoea baraza za kahawa twaielewa hila hiyo bila kuelezwa.

Katika gazeti hilo Beccaria aliandika mwaka 1764 jambo ambalo wengi wanaomsifu kwa kitabu chake kikubwa hawalijui. Aliifanyia magendo hesabu. Tutoe mfano, tarakimu ni zetu, lakini njia ni yake. Mtu ana shehena ya thamani ya 100, na ushuru wake ni 100 nyingine, kwa hiyo ndani ya nchi shehena hiyo huuzwa kwa 200. Akiipitisha kwa siri, nusu ikakamatwa na askari wa forodha na nusu ikafika, ile nusu iliyofika itamrudishia mia yake kamili. Askari wamekamata nusu nzima, na mwenye mali hakupoteza hata senti! Lakini ushuru ukiwa 25 tu, yampasa apitishe sehemu 80 katika 100 ndipo fedha yake irudi. Zikikamatwa zaidi ya 20 amekwisha kula hasara. Basi serikali inayopandisha ushuru bila kipimo, kisha ikaongeza askari na vifungo ili kuzuia magendo, inamlipa kwa mkono mmoja yule inayemfukuza kwa mkono wa pili.

Hakusema kwamba magendo si kosa. Alisema ni kosa la kweli dhidi ya mtawala na taifa, na kwamba ni haki mali ya magendo itwaliwe. Ila aliona kwamba watu hawamchukii mtu wa magendo kama wanavyomchukia mwizi au mwuaji, kwa sababu hawayaoni madhara yake kwa macho yao, na kumtia aibu mtu ambaye jirani zake hawamwonei aibu ni kuipotezea aibu nguvu yake. Alikubali kwamba kosa hilo laweza kustahili jela, hata kazi za lazima, lakini zilingane na kosa lenyewe. Aliyepitisha tumbaku asifungwe kama aliyemchoma mwenzake kisu; na akifanyishwa kazi, basi afanyie kazi ile hazina aliyoipunja.

Maneno hayo yamo katika kitabu chake juu ya makosa na adhabu, kilichopigwa chapa Livorno mwaka 1764. Hakikuwa na jina la mwandishi. Wako waliomwita mwoga kwa sababu hiyo. Sisi tunaofanya kazi ya uhariri hatumlaumu; mwenye mke na mtoto mchanga, katika mji ambao wazee wa Seneti walikuwa na mamlaka makubwa mno ya kuhukumu, ana haki ya kufikiri kwanza.

Na mji huo ulikuwa na ukumbusho ulioonyesha hofu yaweza kuifikisha wapi mahakama. Mwaka 1630 tauni iliingia Milano, na watu wakavumisha kwamba kuna wabaya wanaopaka kuta dawa ya kueneza maradhi. Mtumishi wa afya aliyeitwa Guglielmo Piazza alionekana akipitisha mkono ukutani. Akakamatwa, akateswa, akaahidiwa kusamehewa iwapo atawataja wenzake. Akamtaja kinyozi Gian Giacomo Mora. Naye kinyozi akateswa, akakiri jambo ambalo halikuwako duniani. Wote wawili waliuawa kwa ukatili ambao hatuoni haja ya kuusimulia, nyumba ya Mora ikabomolewa, na pale ilipokuwa pakasimamishwa nguzo ya fedheha ili kizazi hata kizazi kiwalaani. Wakati Beccaria anaandika, nguzo hiyo ilikuwa ingali imesimama. Iliondolewa mwaka 1778.

Hoja yake juu ya mateso ni ya mtu aliyezoea hesabu. Kosa ama limethibitika ama halijathibitika. Likithibitika, kumtesa mtu ni kazi bure, kwa kuwa adhabu ya sheria inamngoja. Lisipothibitika, basi unamtesa mtu ambaye mbele ya sheria hana hatia. Tena mhalifu mwenye mwili wa chuma atavumilia na kuachiliwa, na asiye na kosa lakini dhaifu atakiri na kunyongwa. Akaendelea kusema kwamba kinachomzuia mtu asitende uovu si ukali wa adhabu bali yakini ya kuipata, na kwamba yafaa ifuate upesi baada ya kosa. Mshahara wa kosa upimwe kwa madhara liliyoutendea umma, wala usipimwe kwa cheo cha aliyekosewa, na adhabu ya kabaila iwe ile ile ya mchukuzi. Mwizi aliyeiba kwa umaskini asitozwe faini, kwani faini huwanyima chakula watoto ambao hawakuiba.

Adhabu ya kifo aliikataa, nasi twafika hapa kwenye sehemu iliyo ngumu. Aliikataa isipokuwa kwa sharti. Aliona kwamba yaweza kuwa ya lazima ikiwa mtu, hata akiwa gerezani, bado ana nguvu na marafiki wa kuweza kulihatarisha taifa, wakati ambapo nchi inapata au inapoteza uhuru wake na sheria zimegeuka fujo. Alikusudia mlango huo uwe mwembamba sana. Mwenyewe aliandika kwa ukali dhidi ya wale wanaoyaita makosa madogo uhaini ili wapate kutoa adhabu kubwa, na dhidi ya mashitaka ya siri ambayo mshitakiwa hamjui mshitaki wake. Lakini mlango ni mlango.

Kitabu kilienea upesi kuliko alivyotazamia. Mwaka 1765 mtawa mmoja, Ferdinando Facchinei, alikishambulia kama kitabu cha mwasi wa dini na wa serikali, na ndugu Verri wakamjibu kwa niaba ya rafiki yao. Mwaka 1766 Roma ilikitia katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Lakini André Morellet alikuwa amekwisha kukitafsiri kwa Kifaransa, na Voltaire akakiandikia maelezo. Beccaria akaitwa Paris, akaenda Oktoba 1766 pamoja na Alessandro Verri. Safari hiyo iliharibika. Alimkumbuka mkewe mno, akaona haya mbele ya wale waliokuja kumtazama, akarudi nyumbani kabla mwaka haujaisha. Ndugu Verri walimkasirikia, na urafiki uliokizaa kitabu ukavunjika. Catherine wa Pili alimwita Urusi, naye hakwenda. Hata hivyo maagizo aliyoyatoa malkia huyo mwaka 1767 kwa watunga sheria wake yalichota mengi katika kitabu cha Beccaria.

Tangu hapo alikuwa mtumishi wa serikali. Mwaka 1768 alipewa kiti cha kufundisha elimu ya uchumi mjini Milano, na mwaka 1771 akaingia katika Baraza Kuu la Uchumi. Miaka zaidi ya ishirini ilipita katika majalada ya nafaka, sarafu na vipimo. Mwaka 1780 alishauri vipimo vya nchi vilinganishwe na kugawanywa kwa makumi, miaka kumi na zaidi kabla Wafaransa hawajaweka mfumo wao wa mita. Wako wanaosikitika kwamba mwandishi mkubwa aligeuka karani. Sisi hatukubaliani nao, maana mwananchi anayepunjwa katika mizani ya sokoni hudhulumiwa kila siku, naye hana Voltaire wa kumtetea. Maisha yake ya nyumbani hatuna sababu ya kuyapamba. Teresa alifariki Machi 1774, na kabla ya miezi minne kupita mjane huyo alikuwa ameoa mke mwingine, Anna Barbò. Baadaye binti yake Giulia alizozana naye juu ya urithi wa mama yake.

Wakati huo watawala walianza kukitumia kitabu, kila mmoja kwa namna yake. Maria Theresa alipofuta mateso katika nchi zake za urithi mwaka 1776, Seneti ya Milano iliyatetea, na aliyeuandika utetezi huo alikuwa Gabriele Verri, baba yao wale ndugu wawili. Tarehe 30 Novemba, 1786, Pietro Leopoldo wa Toscana alifuta mateso na adhabu ya kifo. Mwaka uliofuata Joseph wa Pili aliiondoa adhabu ya kifo katika sheria zake za kawaida, lakini badala yake akawapeleka wafungwa kuvuta mashua kwa kamba katika mto Danube, nao walikufa kwa wingi mpaka jambo hilo likakomeshwa mwaka 1790. Hapa Beccaria hawezi kuachwa bila lawama, kwa kuwa yeye ndiye aliyependekeza kazi ngumu ya maisha mahali pa kifo, akaisifu kwamba mfano wake huwatisha watu kwa muda mrefu zaidi. Na huko Toscana, fujo zilipozuka mwaka 1790, adhabu ya kifo ilirudishwa kwa baadhi ya makosa. Ule mlango mwembamba wa usalama wa taifa ulikuwa umefunguliwa mapema hivyo, mwenyewe angali hai.

Alipata nafasi ya mwisho ya kusema. Mwaka 1792 alikuwa katika tume ya kutengeneza upya sheria za jinai za Lombardia. Nyakati zilikuwa za hofu kubwa, kwani Ufaransa ilikuwa katika mapinduzi na Austria iliingia vitani nayo mwaka huo huo. Mtu wa haya na woga angeweza kunyamaza, akasingizia hali ya hatari. Hakunyamaza. Pamoja na wenzake wawili, Francesco Gallarati Scotti na Paolo Risi, alitia sahihi maoni ya kuikataa adhabu ya kifo. Walibakiza lile sharti la mtu anayeweza kuipindua nchi hata akiwa kifungoni. Lakini safari hii waliongeza hoja ambayo haikutiliwa mkazo kitabuni: kwamba ushahidi wa wanadamu, hata ukiwa mwingi namna gani, hauondoi kabisa uwezekano wa kukosea, na aliyekwisha kuuawa kwa makosa hawezi kurudishiwa chochote.

Beccaria alifariki Milano tarehe 28 Novemba, 1794, akazikwa katika makaburi ya Mojazza, nje ya lango la Comasina. Mtoto wa Giulia, Alessandro Manzoni, alikuwa na umri wa miaka tisa. Alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa riwaya wa Italia, na alipotoa chapa ya mwisho ya riwaya yake, kati ya 1840 na 1842, aliambatanisha nyuma yake habari kamili ya kesi ya Piazza na kinyozi Mora.