Viktor Frankl: Tabibu aliyeonja mateso akayageuza tiba

VISA ya kuhamia Marekani ilikuwa tayari, lakini Viktor Frankl hakuwa na amani moyoni.

Daktari huyo wa akili, Myahudi aliyezaliwa jijini Vienna, Austria, mnamo Machi 26, 1905, alijua kwamba akiondoka, wazazi wake wazee wangebaki mikononi mwa Wanazi.

Nyumbani alikuta kipande cha marumaru ambacho babake aliokota katika magofu ya sinagogi. Kilikuwa na herufi ya amri inayowataka watu kuwaheshimu baba na mama zao.

Akaamua kubaki.

Mnamo Septemba 1942, alipelekwa na mkewe, Tilly, pamoja na wazazi wake katika kambi ya Theresienstadt, ambako babake alifariki. Mwaka wa 1944 alihamishiwa Auschwitz, na mswada wa kitabu chake ukapotelea huko.

Alipokombolewa Aprili 1945, mamake, kakake na mkewe walikuwa wameangamia. Dadake pekee ndiye aliyesalia.

Hata hivyo, alirejea Vienna kuwatibu wengine. Kitabu chake kuhusu maisha ya kambini kilichapishwa mwaka wa 1946.

Alifundisha kwamba binadamu hustahimili mengi iwapo ana sababu ya kuishi: kazi inayomngoja, mtu ampendaye, au ujasiri wa kukabili mateso yasiyoepukika. Tiba yake, logotherapia, ilimchukulia mgonjwa kuwa mwenye roho pia, awe muumini au la.

Frankl alifariki Septemba 2, 1997, akiwa na umri wa miaka 92.