Daktari Richard Kandt na Viumbe vya Kivu

Askari ashikaye zamu Nyarugenge, mjini Kigali, huenda asijue kwamba ile nyumba ya makumbusho iliyo mlimani ni kumbukumbu ya tabibu wa Kijerumani, Richard Kandt. Maisha yake twayasimulia leo.

Alizaliwa Posen mwaka 1867 katika ukoo wa Kiyahudi, akasomea utabibu, hasa wa maradhi ya akili. Mwaka 1897 aliingia bara pamoja na wapagazi wake kutafuta chimbuko la Nile. Mwaka uliofuata alipanda na Nyabarongo, kisha Mwogo, kisha Rukarara, hata akafika msitu wa Nyungwe, mahali ambapo mto ni kijito tu. Hilo, alisadiki, ndilo chimbuko.

Sisi twamstahi zaidi kwa miaka aliyokaa Shangi, kando ya Ziwa Kivu, akichora ramani ya ziwa na kukusanya wanyama na mimea ya kupeleka Berlin. Kuokota si kutambua. Mtaalamu hukiweka kielelezo kipya kando ya vile vya zamani, akalinganisha manyoya, meno na fuvu. Kikiachana na vyote ndipo hukipa jina. Hivyo mwaka 1905 Paul Matschie alimwita kima wa dhahabu wa Virunga kwa jina la Kandt. Wenyeji walimjua kima huyo tangu kale, lakini jina alilopewa halikuwa lao, wala la wapagazi waliobeba masanduku. Jambo hilo latuuma.

Kazi hiyo iliendelea hata kwa viumbe visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1935 na 1936 Mbelgiji Hubert Damas alichota maji ya Kivu. Mwaka 1949 Friedrich Hustedt, aliyepata kuwa mwalimu wa shule huko Bremen, akatoa kitabu juu ya diatomu, yaani mwani mdogo mno wenye ganda kama kioo. Hutambuliwa kwa umbo la ganda na mistari yake chini ya hadubini, kama vile polisi atambuavyo mhalifu kwa alama za vidole.

Mwaka 1907 Wajerumani walimfanya Kandt Residenti wa Rwanda, naye akaichagua Kigali kwa kuwa i katikati ya nchi. Alikuwa mtumishi wa ukoloni, nasi hatulifichi hilo. Mwaka 1913 alikwenda likizo kwao. Vita ikamzuia kurudi. Akawa tabibu wa jeshi, akafariki katika hospitali ya kijeshi, Nuremberg, tarehe 29 Aprili 1918, akiwa na umri wa miaka 50.